Matroni na Merikebu za Waviking

Kwa Jumapili ya tano mfululizo Fundi Meno alishindwa mchezoni, na leo tena kwa makusudi. Mkononi alikuwa na kadi ya Dhoruba, ambayo huzamisha merikebu tatu kwa mpigo. Aliitazama, akamtazama mama mkwe wake upande wa pili wa meza, kisha akalaza kadi ya Mpiga Makasia, ambayo nguvu yake ni moja tu. Mama mkwe akafunua Shoka la Chifu, nguvu sita, akaanza kuziondoa merikebu za mkwewe ubaoni mojamoja, taratibu, kama anayechambua mchele.

"Pole, mwanangu," alisema. "Akili ya vita haiuzwi dukani."

Fundi Meno akauma meno. Meno ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, kati ya ndoo za unga wa plasta na vipande vya nta, na alijua kuliko wengi hasara anayojiletea mtu anayeuma meno kila wiki.

Mama mkwe huyo alikuwa muuguzi, na kwa miaka ishirini na minane alisimamia wodi ya upasuaji, kiasi kwamba hata wanawe walimwita Matroni. Alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji, daktari alimkataza kupanda ngazi kwa miezi mitatu, na nyumba yake iko ghorofa ya tatu. Ndipo akahamia kwa mwanawe, mume wa Fundi Meno, aliyepanga nyumba ya chini. Wiki ya kwanza nzima aligombana na redio. Wiki ya pili wifi yake Fundi Meno, anayefanya kazi mbali, alituma sanduku la mchezo ili kumchangamsha mama yake.

Ulikuwa mchezo wa Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini waliokuwa wakivamia pwani za watu. Ndani mlikuwa na merikebu ndogo za mbao, ubao wenye hori tisa, zile ghuba nyembamba za bahari, na kadi nyingi kama majani. Kila mchezaji hupewa kadi saba, huchagua moja, na zilizobaki humpitishia jirani yake, naye huchagua moja na kupitisha, hivyo hivyo mpaka ziishe. Kwa hiyo kadi uliyoiachia kwa uzembe ndiyo utakayokutana nayo vitani. Kisha watu husambaza merikebu, na mbili zinapokutana kwenye hori moja, kila mmoja hulaza kadi yake kifudifudi. Zinafunuliwa pamoja, na mwenye nguvu zaidi huichukua hori pamoja na pointi zake.

Matroni aliupenda mchezo huo kama mtoto na uji wenye sukari. Bahati mbaya, Fundi Meno aliupenda zaidi. Usiku kabla ya kulala alizipanga kadi kichwani, akajua ipi ichukuliwe mapema na ipi inaweza kuzunguka meza nzima bila mtu kuitaka. Lakini tangu siku ya kwanza mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye darasani haachi hata nusu alama ipotee, alimvuta jikoni akamnong'oneza kwamba wamwache mama ashinde, kwani nyonga imemvunja moyo. Fundi Meno akakubali. Siku moja si kitu. Ila siku moja ilizaa nyingine, na karibu kila alipotaka kutoa kadi ya maana, mumewe alimkanyaga mguu chini ya meza.

Na si mchezo tu. Matroni alikuwa amehamisha sufuria zote jikoni akazipanga kwa ukubwa, akakunja upya taulo zilizokwisha kukunjwa, na asubuhi alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akakifuta polepole. Fundi Meno alimeza hasira. Kazini nako kulikuwa na seti ya meno ya mzee mmoja iliyorudishwa mara tatu, ya juu hayakutani na ya chini, na daktari wa meno akamuuliza kama siku hizi anafanya kazi amefumba macho. Hilo nalo akalimeza.

Ijumaa alirudi mapema na mkate kwapani. Alipofika kwenye korido alisikia Matroni akizungumza na binti yake kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika wodi nzima. Alikuwa akisimulia vita vyake, hori kwa hori. Kisha akasema, "Moyo anao mzuri, siwezi kumsingizia. Lakini kichwani hamna kitu. Namshinda mpaka naona haya."

Fundi Meno alisimama pale mpaka mkate ukabonyea.

Jumapili alikaa mbali kidogo na mumewe, miguu ameikunja chini ya kiti. Kadi zikaanza kuzunguka. Alichukua Dhoruba. Alichukua Ngao Mbili. Akampitishia Matroni kadi za kung'aa zisizo na kazi, na Matroni akazipokea kwa furaha, kwa sababu kwa wiki tano hakuwahi kuadhibiwa kwa kuchagua kadi nzuri kwa macho. Vita vilipoanza, hori ya kwanza ilikwenda kwa Fundi Meno. Ya pili ikaenda. Kwenye ya tatu, Matroni aliona mambo yanaharibika, akanyoosha mkono kuichukua kadi yake aliyokwisha kuilaza.

"Hii sikuwa nimeamua," alisema.

"Kadi ikilala mezani imelala, mama."

Mumewe akakohoa. Mguu wake ukapapasa chini ya meza, ukakuta hewa. Matroni akaurudisha mkono wake, akaiacha kadi. Dhoruba ikafunuliwa. Mwisho wa mchezo Fundi Meno alikuwa na pointi sabini na moja, Matroni ishirini na tatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa na kumi na nne, lakini yeye hakuna aliyemjali.

Matroni alizihesabu pointi upya. Akaomba kuona kadi za mkwewe, akazipitia zote, akazirudisha. Kisha akachukua magongo yake, akaenda chumbani na kufunga mlango polepole. Mwalimu alimuuliza Fundi Meno kama sasa ameridhika. Hakuridhika. Alikuwa ameusubiri ushindi ule kwa wiki tano, na mdomoni ulikuwa na ladha ya plasta.

Siku tatu Matroni alisema yale ya lazima tu: chumvi, dawa, funga dirisha. Jumatano alasiri Fundi Meno alirudi kazini akamkuta mezani peke yake, kadi zote zimetandazwa wazi, akiurudia mchezo wa Jumapili hatua kwa hatua.

"Kaa," alisema, na Fundi Meno akakaa, mkoba ungali begani. "Wodini, mgonjwa tuliyekuwa tukimkatalia mambo, huyo tulitegemea atapona. Usile hiki, usilale hivyo, inuka utembee. Lakini yule tuliyemkubalia kila alichotaka..." Akaisogeza kadi moja kwa kidole. "Zile mara tano nilizoshinda. Zilikuwa zangu, au mlinipa?"

Fundi Meno alifikiria kudanganya, na uongo mzuri aliuona upo tayari. Lakini alikuwa amechoka kumeza.

"Ya pili ilikuwa yako. Siku hiyo nilijisahau nikacheza kwa nguvu zangu zote, na bado ulinishinda. Nyingine tulikupa."

"Aliyeamua nani?"

"Mwanao. Lakini mimi nilikubali."

Matroni akatikisa kichwa taratibu. Alisema amempigia binti yake simu kujisifu. Alimsimulia hata daktari. "Mmeniheshimu," alisema, "mpaka mkanifanya mjinga."

Hapo Fundi Meno akapandisha sauti, kwa sababu na yeye alikuwa amefanywa mjinga tangu Ijumaa. "Na wewe ulisema kichwani kwangu hamna kitu. Nilikuwa kwenye korido, mama. Nilikusikia."

Matroni hakukana. Aliona haya, hilo lilionekana, lakini alikuwa mtu wa ripoti za wodi, ambazo hazifichi kitu. "Nilisema," alijibu. "Nilisema kwa ushahidi niliokuwa nao."

Fundi Meno hakutaka kucheka, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kifupi na chenye hasira ndani yake. Matroni hakucheka. Alizikusanya kadi, akazichanganya vibaya kwa vidole vyake vigumu, akagawa saba kwa saba. Alishindwa kwa pointi thelathini. Akagawa tena. Mwalimu alipoingia na madaftari ya wanafunzi, akaona hali ilivyo, akaanza kumkonyeza mkewe. Mama yake, bila kuinua uso, alimwambia aende akaoge.

Wiki iliyofuata Fundi Meno ndiye aliyempeleka Matroni kwenye mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa pale, kijana mchangamfu, alimsifu kama kawaida yake, anaendelea vizuri sana, anatembea kama msichana. Matroni akamuomba aache hayo, amwambie kweli. Kijana akamtazama Fundi Meno kana kwamba anaomba ruhusa. Fundi Meno hakumpa ishara yoyote. Basi akasema: nyonga inaunga polepole kuliko walivyotarajia. Ngazi bado. Si wiki mbili zilizobaki, labda kumi, na gongo moja huenda likabaki naye daima.

Matroni alimshukuru. Ndani ya gari alilia kidogo, akitazama dirishani, na Fundi Meno akaendesha bila kusema pole, maana hakujua kama pole ingechukuliwa kuwa huruma. Kisha Matroni alijifuta uso, akasema kwamba mkwewe anaendesha kwa breki nyingi mno, gari litaisha. Fundi Meno akajibu kwamba anayeogopa kuisha kwa gari angekumbuka kutokuegemea mlango mbovu. Wakaingia kwenye habari ya taulo, wakaingia kwenye ile ya kidole juu ya kabati, kila mmoja akiwa amekasirika kwelikweli. Walibishana njia nzima, sauti juu, na hakuna aliyemwachia mwenzake hata neno moja.