Bwana Mapichi na Mkasi Wake

Kwenye kundi lao la simu walimwita Bwana Mapichi, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa kundi la wapenda bustani, watu wazima wenye kazi zao, wanaotumiana picha za nyanya kutwa nzima. Hakuna aliyejua kwamba Bwana Mapichi hajawahi kushika jembe, hata la kuazima.

Mipichi yenyewe ilikuwa miwili, nyuma ya nyumba ya mama yake, na aliyeitunza ni dada yake, fundi cherehani aliyebaki nyumbani na mama. Yeye ndiye aliyepaka mashina chokaa, aliyepunguza vitunda vichanga ili vinavyobaki vinenepe, aliyevivisha mifuko ya karatasi nzi wasivitoboe. Kaka alikuja mara moja kwa mwaka, mapichi yakiiva. Alijaza makatoni, akapiga picha, akaondoka. Katikati ya hayo alikaa na mama kidogo, akinywa chai huku anachezea simu.

Kwa huo muda kidogo mama aliishi mwaka mzima. Siku yenyewe alivaa gauni lake la kutokea na kuketi dirishani tangu asubuhi, na gari likisikika, magoti yaliyogoma kumfikisha hata jikoni yalipona ghafla. Fundi aliwadharau wote wawili, kaka kwa uroho wake na mama kwa kuridhika na makombo. Yeye aliyemkanda mama miguu kila siku hakuwahi kuvaliwa gauni.

Mwaka mmoja kaka alikuja pia msimu wa baridi, miti ikiwa haina hata jani. Alikuja na mkasi mpya wa kupogolea matawi, glavu ambazo bado zilikuwa na lebo, na kofia pana kama ya mtu wa kwenye tangazo la mbolea. Kundi lilikuwa limemwomba video.

"Dada, nishikie simu," alisema. "Hakikisha uso unaonekana."

Fundi akaishika. Bwana Mapichi akakohoa, akaanza kuufundisha ulimwengu.

"Hivi vitawi vyembamba, vyekundu vyekundu, ni wezi tu. Vinanyonya mti. Ondoa vyote, ubaki na matawi makubwa yenye nguvu."

Akakata cha kwanza.

Sasa, mpichi huzaa kwenye vitawi vilivyochipua mwaka uliopita, hivyo hivyo vyembamba vyekundu, si kwingineko. Macho ya maua yalikuwa yameshavimba, manene, yenye manyoya, mtu angeyaona akiwa amesinzia. Fundi aliyaona vizuri kwenye kioo cha simu. Ulimi ulimwasha. "Kaka, ngoja" tu ingetosha. Halafu akawaza kwamba bila mapichi huyu mtu hana la kumleta hapa, na wazo hilo likamfurahisha mno. Akaubana mdomo, akasogea karibu ili mkasi uonekane.

"Unapata?" kaka aliuliza.

"Napata, kaka. Endelea. Na ule wa pili usiusahau."

Alikata mpaka jasho likamtoka, akajiona amefanya kazi.

Msimu wa maua ulipofika yalitoka majani matupu. Wakati wa kuvuna kaka akapiga simu kama kawaida yake.

"Yameiva?"

"Hakuna hata moja, kaka."

"Itakuwa hukuimwagilia maji. Kazi ndogo kama hiyo, dada. Haya, nisalimie mama. Nitakuja nikipata nafasi."

Hakupata nafasi. Fundi akacheka peke yake juu ya cherehani, kicheko alichokisubiri miaka.

Lakini mama sasa alivaa gauni kila Jumamosi, akimngoja, na kila jioni alilivua na kulikunja mwenyewe. Akaanza kuacha chakula. Jumamosi moja fundi alimkuta amekaa kitandani, gauni liko mapajani, hakulivaa.

"Kaka ana kazi nyingi, mama."

"Najua kinachomleta mwanangu," mama alisema. "Nimemzaa mimi. Ulidhani nadhani anakuja kuniona?"

Fundi akalichukua gauni, akaanza kulikunja.

"Na siku ile ya mkasi dirisha lilikuwa wazi. Miaka yote unapogoa mbele ya macho yangu, nami nisijue tawi linalozaa? Nilikaa nikisubiri useme."

"Mbona hukumzuia wewe?"

"Ningemkosoa mbele ya simu yake asingekanyaga hapa tena. Wewe akikununia hupungukiwi kitu."

Fundi aliona haya, na haya hiyo ilimuuma kuliko dharau zote alizowahi kumtupia kaka yake.

"Nenda sokoni," mama alisema. "Chagua mapichi makubwa. Kisha umpigie."

Alikwenda. Aliyabonyeza moja moja kwa kidole gumba, akarudisha yaliyochubuka, akajaza kapu mpaka mkono ukamuuma. Alipofika nyumbani, mama akiwa amemkodolea macho, akapiga.

"Kaka, nilikosea. Mapichi yapo, yalijificha kwenye majani. Yameiva vizuri."

"Nilijua tu," alisema Bwana Mapichi. "Si unaona? Ni ule mkasi wangu."

Fundi alimtazama mama.

"Ni mkasi wako, kaka," alisema. "Uje kesho."