Benchi la Tatu Kutoka Mbele

Jumanne, saa nne asubuhi, huku akipiga pasi gauni la kipaimara la mteja, Médiatrice aliipigia simu kampuni ya dishi. Alikuwa na ombi moja dogo, lakini kwao Burundi mtu mwenye adabu haombi kabla ya kushukuru, kwa hiyo akaanza na shukrani. Alimwambia binti wa huduma kwa wateja kwamba ana miaka sita na king'amuzi chao, na stesheni ya nyumbani inaonekana safi kabisa, hata mvua ikinyesha hapa Yeoville.

Binti akauliza Yeoville iko wapi. Médiatrice, kwa moyo mweupe, akamweleza: Johannesburg, mtaa wa Rockey, ukifika kwenye robot, yaani taa za barabarani, unakata kushoto, jengo lenye saluni chini. Loo, mdomo uliponza kichwa! King'amuzi kilikuwa kimeandikishwa Bujumbura kwa jina la kaka yake Égide, kama wanavyofanya wahamiaji wote, na kwa mujibu wa mkataba stesheni ile haikuruhusiwa kuvuka mpaka. Simu ilikatika kabla hajalifikia ombi lake. Pasi ilikuwa bado ya moto wakati skrini ilipogeuka bluu na kuandika: Eneo lako haliruhusiwi.

André, jirani wa juu, Mkongomani wa Uvira anayelinda benki usiku, aliyekuwa amevuta waya wake kutoka dishi lile lile, alishuka na sandali zake kuuliza kulikoni. Akaelezwa.

"Mama Inès," akasema, "shukrani ya punda ni mateke. Ungenyamaza tu."

Sasa mtu asidhani tunalilia burudani hapa. Kila Jumapili saa nne stesheni ile ilirusha Misa kutoka parokia yao, upande wa Ngozi, kaskazini mwa Burundi, na kwenye benchi la tatu kutoka mbele alikaa mama yake Médiatrice, bibi Joséline, ambaye homa ilimziba masikio miaka mingi iliyopita. Kumpigia simu yeye ni sawa na kuupigia ukuta. Kusoma hajui. Égide, aliyekuwa akipeleka na kuleta salamu, alikwenda Kigoma kutafuta kazi na namba yake haipatikani. Kwa hiyo mama na mwana walikuwa wamepatana alama: kamera ikipita wakati wa matoleo, rozari ikiwa mkono wa kulia, mama mzima. Ikiwa kushoto, kuna jambo. Miaka sita rozari ilikuwa kulia. Jumapili iliyotangulia ile simu ilikuwa kushoto, na kamera ikapita upesi, na ombi la Médiatrice lilikuwa hilo tu: waionyeshe tena Misa ile.

Kwenda kuangalia mwenyewe hakuweza. Kibali chake cha ukimbizi kilikuwa na sharti ambalo afisa wa ofisini alimsomea mara mbili ili aelewe: anayekanyaga kwao hana cha kukimbia, na asiye na cha kukimbia si mkimbizi, na asiye mkimbizi hana makazi hapa. Médiatrice alielewa tangu mara ya kwanza.

Zikapita Jumapili tatu za skrini ya bluu. Alishona mkono wa koti nje ndani, akafumua, akaushona vile vile tena. Usiku alihesabu magonjwa yote anayoyajua na kumpa mama yake moja moja. Aliogopa, hakuna neno jingine, na binti yake Inès, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili anakisikia tu, alimtengenezea chai na kumwambia kwa Kizulu kwamba yote yatakuwa sawa.

Jumapili ya nne, saa nne kasoro dakika tano, benchi liliingia. Lilipita dirishani, pale waya wa dishi unapopitia, likaja polepole kama fanicha inayobebwa na watu waangalifu. Lilikuwa la mkaratusi, limepakwa vanishi, na watu sita wamekalia na vitabu vyao vya nyimbo. Kochi lilikuwa njiani. Inès alipanda kumwita André, aliyekuwa ametoka zamu na bado ana sare, wakalisimamisha kochi ukutani, benchi likapata nafasi ya kutua.

Hata hivyo lilikuwa refu kuliko sebule. Mzee wa mwishoni, mwenye koti la kijivu, alibaki upande wa pili wa ukuta, jikoni kwa Ummi, mama wa Kitanga anayeuza maandazi. Médiatrice akamgongea kumwomba radhi kwa usumbufu. Ummi akasema haina neno, bora mzee amekuja na kiti chake, maana kingine asingekuwa nacho. Akamkaribisha mzee chai, mzee akakataa kwa kuwa hajapokea Komunyo, na Ummi, anayejua kufunga ni nini, hakumshurutisha.

Bibi Joséline alikuwa mtu wa pili kutoka dirishani. Alikuwa ametazama altare, ambayo kwa hapa ilikuwa upande wa friji. Kati yake na mwenzake palikuwa na mkoba wake mweusi, umekaa peke yake kama mtu aliyelipa nauli. Rozari ilikuwa kushoto.

Médiatrice alimwita, kwa mazoea tu. Mama hakugeuka. Na hata angekuwa na masikio, katikati ya Misa asingegeuka, maana ndivyo alivyowalea. Hakuna la kufanya ila kusubiri. Benchi liliposimama, sebule nzima ilisimama. Lilipopiga magoti, Médiatrice alipiga magoti, Inès akapiga magoti, na André, ambaye ni mlokole, aliinamisha kichwa kwa heshima. Mahubiri yalikuwa marefu, kwa jinsi watu wa benchi walivyokuwa wakisinzia. Médiatrice alimkagua mama yake kama anavyokagua kitambaa: shavu halijaingia, shingo ni ile ile, macho hayana manjano. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge na hautoki.

Ukafika wakati wa kutakiana amani. Benchi lote likageuka kulia na kushoto kupeana mikono, na bibi Joséline akageuka, akamwona binti yake amesimama kando ya cherehani. Akanyoosha mkono wa kushoto, na uso wake ukajaa haya, kwani kwao kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumtukana.

"Unisamehe huu mkono," akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Ule mwingine nilianguka nao kwenye maharage. Umeteguka tu. Sasa ningeshika rozari kwa mkono upi?"

Akakifunua kitenge. Kifundo kilikuwa kimefungwa bandeji safi, vidole vinacheza.

Médiatrice aliketi chini pale pale akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena kidogo. Kuteguka! Wiki nne amemuua mama yake kwa maradhi kumi na moja, kumbe ni kuteguka. Alijihisi kama aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Inès naye alisogea, akamwonyesha bibi yake kwa vidole: mimi, mtoto wa huyu. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwonyesha kwa mikono kwamba ni mrefu na hali vya kutosha. Wale wawili, mmoja hasikii na mwingine hajui kuisema lugha ya kwao, walielewana vizuri kuliko watu wote mle ndani.

Kisha bibi Joséline akautoa ule mkoba akaupakata, akapigapiga mbao palipoachwa wazi. Kwenye televisheni Médiatrice alikuwa akiuonea haya mkoba ule, kuchukua nafasi ya Mkristo huku wengine wamesimama mlangoni. Sasa alielewa nafasi ilikuwa ya nani, miaka yote sita. Akakaa. Mbao ilikuwa na joto. Mama akamlalia begani, wakafuata Misa mpaka mwisho.

Ilipotolewa baraka ya mwisho, benchi liliondoka lilivyokuja, na watu wake wote. Médiatrice lilimwacha. Alijikuta amedondokea makalio sakafuni, katikati ya sebule, Yeoville.

Jumatano kampuni ilimtuma fundi Glody kuling'oa dishi. Médiatrice alimshukuru, ila safari hii kwa kifupi. Kule ofisi ya wakimbizi, walipomgongea kibali muhuri wa miezi sita mingine, walimuuliza kama amewahi kurudi kwao. Akajibu hapana, na ni kweli. Jumapili, dishi likiwa halipo, benchi lilikuja kwa wakati wake.

Tangu hapo, kila Jumamosi jioni, André hushuka kusimamisha kochi, na Ummi husogeza meza yake ya maandazi. Médiatrice hufagia sebule, kisha huchukua mto mmoja, ule mnene, na kuuweka sakafuni mahali atakapoangukia.