Neno la Mwisho la Bibi

"Mwanangu, kabla sijasahau…" Bibi alisema ndani ya kaseti, halafu yakaingia matarumbeta.

Baba alikuwa amekaa mbele ya redio ya kaseti, kama kila Jumapili tangu tumzike mama yake. Bibi hakujua kuandika. Barua zake alizisema kwenye kaseti, akampa msafiri. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baba aliivunja vile vijino vya juu ili mtu yeyote asirekodi juu yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na dawa ya vijino niliijua: unakunja karatasi, unaziba vitundu. Karatasi niliichana kwenye daftari la hesabu. Hesabu zenyewe zilinishinda, lakini daftari lilinifaa.

Jana yake redio ilikuwa imepiga ule wimbo tuliouwinda wasichana wote wa darasa. Nilidhani mwisho wa kaseti Bibi ameshamaliza kusema, nikaurekodi hapo. Kumbe Bibi na kumaliza ni wapi na wapi.

"Mpenzi, njoo tucheze mpaka viatu vilie," mwimbaji akambembeleza Baba.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Mama mkwe kaanza lini muziki?"

Baba hakucheka. Hakunipiga pia. Aliitoa kaseti, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka. Ningeshukuru fimbo; fimbo ina mwisho.

Miaka thelathini, harusi yoyote wimbo ule ukipigwa, wenzangu wanakimbilia uwanjani, mimi nauliza choo kiko wapi.

Baba alipougua ule ugonjwa wa kutoinuka, tulibaki wawili chumbani, nikajikaza.

"Baba, Bibi alisema nini pale?"

"Pale wapi?"

"Kwenye matarumbeta."

Akafungua jicho moja. "Nimrudishie sufuria yake."

"Basi?"

"Basi. Kila kaseti aliimalizia hivyo."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Tangu siku ile mashati yangu ulikuwa unayafua bila kutumwa. Nikaona tusiharibu."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. "Haya, sufuria ulimrudishia?"

Akalifumba jicho. "Siku unaolewa nilikupa nini?"

Mpaka leo chai naichemshia humo. Wimbo ule ukipigwa redioni sikimbilii choo tena. Nafunika sufuria kwanza, isisikie, ndipo nacheza.