Kisima cha Maji Baridi

Kitendawili. Kina joto, huitwa baridi; aliyekipapasa ndiye aliyekikosa.

Fikiri taratibu, usinijibu upesi, maana kujibu upesi ndiko kulikoua mtu katika habari hii. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Dubai? Haya, nimekwenda Dubai, nimekula tende, nimekunywa kahawa, na nililolikuta huko ni hili.

Boaz alikuwa mlinzi, mtu wa Webuye, na kazi yake ya kila siku ilikuwa geti la ghala moja kule Freezone ya uwanja wa ndege. Idi ilipofika, msimamizi wake Nick akamtuma wiki moja akalinde shamba la ngamia pembezoni mwa jangwa, kwa sababu watumishi wote walikuwa wamepewa likizo. Akifanya vizuri, Nick alimwambia, atapandishwa awe mkubwa wa zamu. Shamba lilikuwa la Bi Masuda, mwanamke wa Unguja aliyezeekea Dubai. Sikukuu ile yeye na mumewe, mzee Thuwein, walikuwa Bur Dubai kwa mtoto wao Shihab.

Shambani palikuwa na visima viwili. Kimoja cha kunywa, na nyumba tisa za jirani zilikitegemea, maana bomba la mji halijafika kule. Cha pili kilikuwa cha chumvi, cha kuoshea mazizi. Hafiz, Mpemba aliyetunza pampu, alimkabidhi Boaz funguo mguu mmoja uko ndani ya gari, akamtania kwamba Mkenya akiachiwa ngamia atamkamua atafute chai. Visima hakumwonyesha. Mlinzi amekuja na katoni zake za maji ya dukani. Visima vyamhusu nini?

Siku ya tatu mbingu ikafunguka. Mvua ikanyesha kama inayolipiza kisasi, na maji yakaanza kutembea kutoka upande wa zizi, yalikopangwa mapipa ya dawa ya kupe. Hapo ndipo simu ya Bi Masuda ilipoingia. Akamweleza kwamba stoo kuna bati moja zito na mifuko ya mchanga, na vyote havitoshi visima viwili.

"Funika kisima cha maji baridi, mwanangu. Hicho kingine kiache."

Mtandao ukakatika.

Sasa sikiliza. Kwa watu wa pwani, maji baridi ni maji yasiyo chumvi. Yatokote jikoni, bado ni maji baridi. Lakini Boaz kwao maji yote ni ya mto na chemchemi. Hakuna aliyewahi kuyapa jina kwa sababu hiyo. Kwake baridi ni baridi. Akateremsha ndoo kwenye kisima kirefu, akatia mkono: vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto, maana yalitoka tumboni kabisa mwa ardhi. Akaenda kwa kile kifupi kilichokaa chini ya kibanda cha makuti: maji yakamng'ata vidole. Hakuonja. Ulimi ungemwambia, yeye akauliza mkono.

Akafanya kazi kama punda. Alibeba mifuko hadi mabega yakachubuka, akakizungushia kile kifupi ukuta, akalaza bati juu, kisha akalala kifudifudi juu ya bati lenyewe ili upepo usilichukue. Hatua thelathini nyuma yake, maji meusi yenye povu la dawa na mavi ya ngamia yakavuka mdomo wa kisima kirefu, yakaingia polepole kama mgeni aliyekaribishwa. Boaz aliyaona. Akamshukuru Mungu kwamba kisima chenyewe kimepona.

Jua liliporudi alifanya kama mlinzi anavyofundishwa: acha mahali kama ulivyopakuta. Akatoa bati, akarudisha mifuko stoo, akafagia. Bi Masuda alipopiga akamjibu, amekifunika, madam, halikuingia hata tone. Akaombewa dua, akakatazwa kusema madam; mimi bibi yako, aliambiwa. Hafiz aliporudi alitaka maji yakapimwe kwanza. Bi Masuda akamcheka: kijana wa watu kakilalia kisima kama kuku na mayai, wewe wataka karatasi?

Nyumba tisa zikafungua mifereji, zikanywa.

Wiki haikuisha. Watu ishirini wakalazwa, na mzee Thuwein, ambaye tangu ujana hakutaka maji mengine, akafa kinywa kimejaa povu. Wapimaji wakachukua maji ya visima vyote viwili. Majibu ya kile cha kunywa yalitangulia: dawa ya kupe. Na mapipa ya dawa yalikuwa mikononi mwa Hafiz. Shihab, ambaye ndiye kafili, mwenye kibali cha Hafiz cha kukaa nchini, akasema khalas, basi, aliyemwua baba yangu hatalala tena nchi hii.

Boaz akaitwa tena shambani atoe ushahidi. Akakuta Hafiz kakaa mlangoni na begi lake, na Bi Masuda ndani ya eda, mdogo kama mtoto. Lamees, mjukuu wake mkubwa, akaambiwa amletee mgeni maji baridi. Boaz akapiga funda. Yalikuwa ya moto, yametoka garini.

"Haya si baridi," akasema.

"Ni baridi, kaka, ya dukani. Ulitaka ya chumvi?" Lamees akamjibu, karibu acheke.

Hapo ndipo alipojua. Hafiz akasimama.

"Mkenya, mapipa niliyafunga kwa mkono wangu. Nakuuliza mbele ya watu. Kipi ulikifunika?"

Boaz akaona geti la Freezone, akaona cheo cha Nick.

"Cha maji baridi," akasema.

Hafiz akaokota begi. Shihab akampeleka garini, safari ya uwanja wa ndege.

Alasiri, Boaz akingoja usafiri wa kumrudisha, karatasi ya pili ya wapimaji ikafika, na Lamees akamsomea bibi yake. Kisima cha chumvi kilikuwa safi. Bi Masuda akamwita Boaz mbele yake.

"Kitendawili, mwanangu. Kilichofunikwa kimelewa sumu, kilichoachwa wazi hakina kitu. Hafiz alikuuliza kipi. Sasa nakuuliza mimi."

Boaz akatazama miguu yake. Bi Masuda hakurudia, hakumwondolea macho. Wakakaa hivyo mpaka simu ya Lamees ilipolia. Alikuwa Shihab, akisema ndege ya Hafiz imeshapaa. Ndipo Boaz akafungua kinywa.

"Cha chumvi, bibi. Nilifunika cha chumvi."