Walioisukuma Saa ya Bustanini

Msomaji wangu, sikulala kwa kupenda. Siku ile ilinichosha roho kuliko mwili. Asubuhi daktari alituita pembeni, mimi na kaka yangu Badru, akatuambia kwamba ugonjwa wa mama yetu, Bi Kibibi, hauna dawa tena, tumrudishe nyumbani. Tukakubaliana palepale, kama watu wa kwetu wanavyokubaliana siku zote, kwamba mgonjwa asiambiwe. Njiani mama akaomba tupitie bustani ya jiji auone mnara wa saa uliokarabatiwa, maana tangu utoto wangu mishale yake ilikuwa imekufa. Akaisifu rangi mpya na mlio wa kengele, akasema kwa utani kwamba mnara umepata daktari mzuri. Nilicheka kwa sauti kubwa mno. Tulipofika nyumbani nikamlaza, nikajinyoosha mkekani kando ya kitanda chake, na usingizi wa alasiri ukanichukua.

Nikajiona niko katika bustani ileile, lakini haikuwa na mji pembeni. Nyasi zilikwenda mpaka zikakutana na mbingu, na mnara ulisimama katikati, mrefu hata kilele chake hakikuonekana vizuri. Mlangoni alikuwako Majivuno, bwana mwenye kanzu iliyonyooshwa kwa pasi kali, akiwaonyesha wageni rangi na marumaru na kujigamba kwamba ndiye aliyeifufua saa. Nikamwuliza kama anaweza pia kuisimamisha. Akanipa kisogo, akaendelea na wageni wengine. Kwenye ngazi ya chini kabisa aliketi mwanamke asiyejipamba, mikono magotini. Aliponitazama niliinamisha macho, kwa kuwa nilimjua kabla hajajitaja: alikuwa Ukweli. Ndipo Huruma, mama mpole anukiaye udi, akanishika mkono na kunipandisha juu, akininong'oneza nisimsemeshe yule, nitamuumiza mama yangu bure.

Juu kabisa, nyuma ya kioo kikubwa chenye ukungu, mshale wa saa ulikuwa ukienda, mnene kama boriti. Nikauwekea bega, nikausukuma urudi nyuma. Nilisukuma hata miguu ikateleza. Mshale haukunikasirikia wala haukunionea imani. Uliendelea na safari yake ukinikokota kama mtoto asiyetaka kutoka sokoni. Niliogopa, msomaji, na nililia kwa hasira ya mtu asiye na nguvu. Kisha nikasikia, upande wa pili wa kioo, mtu mwingine akihema na kuusukuma mshale uleule. Nikamwuliza Huruma ni nani.

"Kila afikaye hapa husukuma," akanijibu taratibu. "Nami humweka kila mmoja upande wake, nikamwomba asitoe sauti, ili mwenzake asiumie. Kuisimamisha saa siwezi. Ninachoweza ni kuwaficha tu."

Nikamsihi anionyeshe uso wa mtu yule. Akasema hiyo si kazi yake, ni ya yule aliyeketi ngazini. Nikataka kushuka kumwita, lakini bega halikubanduka kwenye mshale, na kengele ikaanza kulia juu ya kichwa changu.

Nilipofumbua macho, mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, akinitikisa polepole. Akaniuliza nasukuma nini usingizini, nahema kama mchukuzi. Nikamwambia ni ndoto tu. Akautengeneza mtandio wake ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Salha," akasema, "mlichoambiwa leo nakijua tangu kabla ya Ramadhani. Nilimwomba daktari asiwaambie. Nilimwambia kwamba Badru atastahimili, lakini wewe hutaweza."

Hapo ndipo nilipomjua mtu wa upande wa pili wa kioo. Miezi yote hiyo alikuwa akisukuma peke yake, huku akitutania na kutuuliza tumekula nini.

"Siwezi kweli, mama," nikamwambia.

"Hata mimi siwezi, mwanangu," akasema, akasogea ukutani ili nipate nafasi ya kulala.