Mwezi wa Siku Thelathini

Ofisini walimwita Bwana Sekunde, na jina likamkaa. Yeye ndiye aliyeandika maktaba ya programu, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima kupima muda: ukiipa vipindi viwili, inakwambia kipi kirefu na kipi kifupi. Mifumo yote ya kampuni iliitegemea, kuanzia zamu za walinzi mpaka maombi ya likizo, na mwenyewe hakuacha mtu asahau hilo.

Mkaguzi wa programu peke yake ndiye ambaye hakubabaika. Mwezi wa kumi na mbili alimwandikia ripoti: maktaba inachukulia kila mwezi kuwa siku thelathini, wakati mwezi mmoja na siku thelathini havilinganishwi mpaka ujue mwezi wenyewe unaanza tarehe ngapi. Bwana Sekunde aliisoma huku akicheka, akaandika "Si kosa," akaifunga. Baadaye, mbele ya watu waliokuwa wakichota chai, akamwongezea mkaguzi, "Dada, siku mbili tatu zitamuua nani?"

Siku za mwizi ni arobaini. Za mwenye kiburi, kumbe, ni ishirini na nane.

Mama yake alikuwa amempigia simu: jicho la kulia litapasuliwa tarehe moja mwezi wa tatu, naye hataki kushikwa mkono na mtu baki. Bwana Sekunde aliapa atakuwepo. Lile la kushoto, mwaka juzi, alifika bandeji imeshatolewa, na aibu ile ilikuwa bado inamuuma. Safari hii hakufanya mchezo. Kanuni ilitaka likizo iombwe mwezi mmoja kabla, basi tarehe moja mwezi wa pili, saa mbili asubuhi, ombi lake likaingia.

Kesho yake akafungua jibu: limekataliwa. Siku ishirini na nane ni pungufu ya mwezi mmoja.

Akashuka ngazi mbio mpaka kwa ofisa utumishi, mama mmoja mpole asiyependa haraka.

"Mama, tarehe moja mpaka tarehe moja si mwezi?"

"Kwangu mimi ni mwezi, mwanangu. Lakini mashine imekataa, na mashine ni yako." Akavua miwani. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Ilibidi arudi kwa mkaguzi. Ripoti iliyofungwa haifunguliwi mpaka aliyeifunga aandike sababu, na wote waione. Alikaa mbele ya kompyuta nusu saa nzima, akafuta sentensi tatu ndefu za kitaalamu, mwisho akaandika: "Nilikosea." Mkaguzi hakucheka, na hilo likamchoma zaidi. Walifanya kazi pamoja mpaka kesho yake mchana, maktaba ikajua kuuliza tarehe ya kuanzia kabla ya kulinganisha chochote.

Ombi lililokataliwa halihesabiwi tena, basi akatuma jipya, moyo mweupe. Jibu likaja papo hapo: limekataliwa. Leo ni tarehe tatu. Mwezi mmoja unatimia tarehe tatu mwezi wa tatu.

"Sasa hivi iko sahihi kabisa," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole.

Akampigia mama yake. "Mama, nisamehe. Likizo yangu inaanza tarehe tatu. Nimechelewa siku mbili."

Upande wa pili akasikia kicheko.

"Siku mbili tu? Basi umejitahidi. Napasuliwa tarehe nane."

"Si ulisema tarehe moja?"

"Nilikwambia wewe tarehe moja. Dada yako nimemwambia tarehe nane, maana yeye akisema anakuja, anakuja. Wewe lazima nikuongezee wiki."

Bwana Sekunde alikaa pale na simu sikioni, machozi yakimlengalenga, huku mama yake akimkumbusha aje na sweta, maana wodini kuna baridi.