Pile ya Papa Akonkwa

Usiniulize kama nilikuwa nimechoka. Muganga wa Bukavu, muuguzi wa hospitali, amezoea kuchoka. Lakini ile Jumatatu ilipita kipimo. Nilikuwa na siku mbili kwenye service ya wagonjwa bila kuvua viatu, ju Steve, mwenzangu wa pekee mwenye tulijifunza naye kazi ya mashini za roho, yaani moyo, alikuwa amekimbilia Bujumbura na familia yake. Nilibaki mimi, Laurette, na haya magoti yangu ya miaka hamsini na mbili.

Mugonjwa mwenye alinibakisha pale ni Papa Akonkwa, maçon wa Bagira. Alianguka kwenye ukuta aliokuwa anajenga. Hakuteleza, giza ilimushika tu. Tulipopima, roho ilikuwa inapiga vingt-huit kwa dakika, ishirini na nane tu, na mutu muzima anahitaji soixante, sitini, na kupita.

Bibi yake, Maman Eulalie, aliniuliza ni ugonjwa gani huo. Siku ile mudomo wangu ulikuwa bado na nguvu, nikamueleza vizuri, mpaka na habari ya Steve.

"Maman, juu kabisa ya roho kuna kasehemu kadogo kanatoa amri: piga! Amri inashuka mpaka katikati, kwenye kifundo. Pale inangoja kidogo sana, halafu inapita njia mbili, moja ya kushoto, moja ya kuume, na vyumba vya chini vinasukuma damu. Kwa Papa, amri inakwama kwenye kifundo. Juu wanapiga kelele, chini hawasikii. Chini wanajitumikia tu polepole, vile wanaweza."

"Njo vile hata kwa chantier ya kujenga," akasema. "Chef asiposikika, kila mutu anafanya yake."

Nikacheka. Alikuwa ameelewa kuliko wanafunzi wangu.

Dawa yake ni kamashini kadogo kanawekwa chini ya ngozi ya kifua, kanapeleka amri kule chini bila kupita kwenye kifundo. Kalikuwa kanatoka Kampala kwa barabara, ju ndege hazitui tena Kavumu. Walituambia Alhamisi. Kwa kungojea, Docteur Benoît, chef wetu, alimupitishia waya kwenye mushipa wa shingo mpaka ndani ya roho, akaufunga kwa kasanduku ka inje kenye kutumia pile moja ya mraba, ile betri. Roho yake ilikuwa imekwisha kuzoea kuongozwa: kasanduku kakizima, na Papa Akonkwa anazima. Hakuna kingine.

Basi Jumatatu asubuhi taa nyekundu ya kasanduku ikaanza kuwaka. Hiyo haitishi, inasema tu pile inakaribia kuisha, uko na wakati wa kuibadilisha. Nikasimama mulangoni, hata sikuingia, nikasema, "Maman Eulalie, pile ya kasanduku inachoka." Nikageuka kwenda kutafuta mupya farmasi. Sikusema usiiguse. Sikusema uningoje. Mutu akichoka anahesabu mpaka maneno, na mimi niliyahesabu vibaya.

Sasa wewe mwenye unakaa Bagira, niambie: pile ya redio au ya tochi ikichoka, unaifanya nini? Unaitoa, unaianika kwenye jua, na jioni inaimba tena. Hakuna nyumba yenye haijui ile dawa, na courant ya umeme tunaijua vile inakuja na kupotea. Maman Eulalie alitoa pile. Taa ikaendelea kuwaka, ju kale kasanduku kanabakisha nguvu ya sekunde kidogo ili tupate kubadilisha. Akaona ni sawa, akaenda kuiweka dirishani penye jua. Alipogeuka, bwana yake alikuwa ameangalia dari bila kupepesa.

Nilisikia kilio nikiwa kwenye koridori, narudi na pile mupya mufukoni. Magoti nikayasahau. Nikasukuma kifua chake kwa mikono miwili, nikamupigia kelele Maman afungue mufuko wa blouse yangu nyeupe ya kazi. Akatoa pile mupya, nikaipachika. Moja. Mbili. Tatu. Halafu laini ya mashini ikaruka, ikaruka tena, na Papa Akonkwa akavuta pumzi kwa sauti mbaya.

Na mimi nilifanya nini? Nilimugeukia yule mama mbele ya watu wote. "Uko mujinga? Unataka kumuua bwana yako?"

Docteur Benoît akaingia mbio. Ni mutu mwema, lakini akikasirika hana ndugu. "Nani alitoa pile? Kama ni uzembe wa muganga, anavua blouse leo, anaenda kwake!"

Nikainama, nikajifanya napanga waya. Maman Eulalie akaangalia chini.

"Ni mimi, Docteur. Maman Laurette alinikataza. Nilikosa kusikia."

Akamufukuza. Hakuna tena kuingia kwenye kile chumba mpaka mugonjwa atoke. Siku tatu alikaa kwenye benchi ya koridori, na dada ya bwana yake alikuwa akipita anamuita muuaji. Mimi nilikuwa napita pia, na sahani ya dawa, naangalia saa yangu kama mutu mwenye haraka. Haya ilinila, sikufichi. Lakini sikuenda kwa Docteur.

Alhamisi kamashini kakafika. Saa nane Docteur akakapachika kifuani, chini ya mufupa wa bega, akatoa ule waya wa shingo. Soixante, wazi kabisa. Papa Akonkwa akafungua macho, akauliza bibi yake alienda wapi.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi kando yake. Nikamuambia yote: mimi njo nilikosa, sikumukataza kitu, nilimuacha atukanwe, na sasa hivi naenda kumuambia Docteur.

"Najua," akasema.

"Sasa kwa nini ulijitwika?"

Akaniangalia sawa vile unaangalia mutoto mwenye anachelewa kuelewa. "Maman Laurette, ulinieleza wewe mwenyewe vile mwenzako alienda Bujumbura. Kama Docteur angekufukuza wewe, nani angechunga kale kasanduku mpaka Alhamisi? Mimi nikitoka ndani, hakuna kitu inazima."

Akakaza kitenge yake, akasimama.

"Sasa naweza kumuona?"